Mhudumu wa Meza Aliyeshika Bunduki: Maisha ya Doris Miller

Somo: 2 Wafalme 5:1–4, Luka 16:10



Katika kanisa letu tunapenda ushuhuda. Mtu anasimama mbele, anaeleza vile alikuwa anafagia ofisi, akawa mwaminifu, na leo yeye ndiye meneja wa hiyo ofisi. Tunapiga makofi, tunaimba, tunarudi nyumbani tukiwa tumetiwa nguvu. Na ni sawa, kwa sababu Mungu hufanya hayo. Lakini wiki hii nataka niwape maisha ya kijana mmoja ambayo hayakuisha hivyo. Alikuwa mwaminifu kazini, akawa shujaa, nchi yake nzima ikalijua jina lake, halafu akarudi jikoni. Alikufa akiwa bado ni wa jikoni, akiwa na miaka 24.

Nimemfikiria sana huyu kijana. Nadhani wengi wetu tunaokaa kwenye hivi viti kila Jumapili tunafanana na yeye kuliko tunavyofanana na yule meneja.

Anaitwa Doris Miller.

KIJANA MWENYE JINA LA MSICHANA

Doris alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1919 huko Waco, jimbo la Texas, kule Marekani. Baba yake aliitwa Connery na mama yake Henrietta. Walikuwa wakulima, na walijaliwa wavulana wanne. Doris alikuwa wa tatu. Mkunga aliyemhudumia mama alikuwa na uhakika kabisa kwamba safari hii ni msichana, na jina likawa limeshatayarishwa. Mtoto alipotoka, kumbe ni mvulana! Jina likabaki vile vile. Baadaye watu wengi walimwita Dorie.

Hebu fikiria kijana anakua shuleni na jina la msichana. Lakini Mungu alimpa mwili: urefu wa zaidi ya futi sita na uzani wa zaidi ya kilo 90. Sidhani kuna mtu alimcheka mara mbili.

Waco ya hizo siku haikuwa mahali rahisi kwa mtoto mweusi. Miaka mitatu tu kabla ya Doris kuzaliwa, umati wa watu ulimuua kijana mweusi wa miaka 17 hadharani katikati ya huo mji, na maelfu ya watu wakasimama kutazama. Shule za weupe zilikuwa kando na za weusi kando. Doris alisoma shule ya upili ya weusi iliyoitwa A.J. Moore. Huko alisifika katika ule mpira wa Kimarekani, wa kukimbia huku umeubeba mkononi. Hakumaliza masomo. Alimsaidia baba yake shambani, na kazi zilikuwa haba kwa sababu uchumi wa dunia nzima ulikuwa umeanguka.

Mnamo Septemba 1939, akiwa na miaka 19, alijiunga na jeshi la wanamaji. Sababu zake zilikuwa mbili: alitaka kuona dunia, na alitaka kupata pesa za kusaidia nyumbani. Wazazi mliopeleka kijana Nairobi, Mombasa au Saudia mnazijua hizo sababu. Hazijabadilika.

KAZI ALIYOPEWA

Jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa na utaratibu wake. Kijana mweusi akijiandikisha, alipelekwa kitengo kimoja tu, nacho ni cha jikoni na mezani. Doris aliandikwa kama mhudumu wa meza, daraja la tatu, yaani la chini kabisa. Kazi yenyewe ilikuwa kuandaa meza za maofisa, kuwapakulia, kuosha vyombo, kutandika vitanda, kung'arisha viatu na kukusanya nguo chafu za kufuliwa. Wale maofisa wote walikuwa weupe.

Mimi nilisomea mambo ya biashara, kwa hiyo nimezoea ile michoro inayoonyesha nani yuko juu ya nani katika kampuni. Kwenye mchoro wa hiyo meli, Doris alikuwa mstari wa mwisho kabisa, na kulikuwa na dari juu ya kichwa chake ambayo bidii yake haingeweza kuitoboa. Angepika vizuri namna gani, bado angebaki jikoni.

Januari 1940 alipelekwa kwenye manowari kubwa iliyoitwa West Virginia, yenye zaidi ya watu 1,000. Huko akaanza kupigana ndondi, na akawa bingwa wa meli katika uzani mzito. Ukumbini walimshangilia, kesho yake asubuhi akawapelekea chai.

JUMAPILI ASUBUHI

Tarehe 7 Desemba 1941 ilikuwa Jumapili. Meli ya West Virginia ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Pearl Harbor, kwenye visiwa vya Hawaii. Vita vilikuwa vinaendelea Ulaya na Asia, lakini Marekani ilikuwa bado haijaingia. Doris aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akahudumu kwenye kiamsha kinywa, kisha akaanza kuzunguka akikusanya nguo chafu.

Dakika chache kabla ya saa mbili, ndege za kivita za Japani zilitokea bila kutangaza vita. Torpedo, yaani yale makombora yanayopita ndani ya maji, ziligonga ubavu wa West Virginia moja baada ya nyingine. King'ora kikalia. Kila mwanajeshi alikuwa na mahali pake pa kukimbilia siku ya hatari, na pa Doris palikuwa kwenye ghala la risasi katikati ya meli. Alikimbia huko, akakuta pameharibiwa na torpedo.

Wapendwa, simameni hapo kidogo. Mahali pake pa kazi hapako tena. Hakuna mtu angemlaumu kama angetafuta njia ya kuokoa maisha yake. Lakini alipanda juu kwenye sitaha ili apewe kazi nyingine.

Afisa mmoja aliona ule mwili wake mkubwa akamchukua. Nahodha wa meli, Mervyn Bennion, alikuwa amepigwa tumboni na kipande cha chuma, na alihitaji kuondolewa mahali pa wazi. Doris na wenzake walimsogeza hadi penye kinga kidogo, lakini nahodha alikataa kuondolewa kabisa. Aliendelea kuuliza hali ya meli na kutoa amri mpaka akakata roho.

Hapo karibu kulikuwa na bunduki za rashasha za kupiga ndege, na hazikuwa na watu. Afisa mwingine alimwambia Doris asaidie kuingiza risasi. Dakika chache baadaye, alipogeuka kuangalia, alimkuta Doris mwenyewe yuko nyuma ya bunduki, anafyatua. Hakuna mtu alikuwa amemfundisha hiyo silaha. Baadaye alieleza kwamba haikuwa ngumu, kwa sababu alikuwa amewatazama wenzake wakiitumia. Mimi hapo nilijifunza kitu. Huyu kijana alikuwa akibeba sahani na nguo chafu, lakini macho yake yalikuwa wazi. Kazi ambayo hawakumruhusu kujifunza, aliisoma kwa macho.

Alipiga kwa kama dakika 15, mpaka risasi zikaisha. Magazeti yalikuja kubishana sana kuhusu idadi ya ndege alizoangusha. Mimi naona kubwa zaidi ni kile alichofanya baada ya risasi kuisha. Meli ilikuwa inazama na maji yamejaa mafuta. Doris alianza kuwavuta majeruhi kupitia hayo maji na mafuta, akiwapandisha mahali pa usalama, na hivyo akaokoa watu ambao bila yeye wangekufa. Kumbukeni hao ni watu ambao jana yake hawangekubali kukaa naye meza moja.

Meli ya West Virginia ilikaa kwenye sakafu ya bandari. Watu wake 106 walikufa. Siku hiyo Marekani ilipoteza zaidi ya watu 2,400.

MTU MWEUSI ASIYETAJWA JINA

Mwezi wa Januari 1942, jeshi lilitoa orodha ya waliofanya vyema siku ya Pearl Harbor. Ndani yake kulikuwa na mtu mmoja mweusi ambaye hakutajwa jina. Jina halikuwepo kabisa. Ni mtu mweusi tu.

Magazeti ya watu weusi hayakukubali. Gazeti moja kutoka mji wa Pittsburgh, Pittsburgh Courier, lilitafuta na kutafuta, na ilipofika Machi jina likajulikana: Doris Miller, mhudumu wa meza. Wabunge wawili walipeleka miswada ili apewe nishani kubwa kuliko zote nchini humo. Waziri wa jeshi la wanamaji alipinga, na Doris akaandikiwa barua ya pongezi. Watu waliendelea kupiga kelele. Mwezi wa Mei, Rais Roosevelt aliidhinisha apewe Msalaba wa Jeshi la Wanamaji, mojawapo ya nishani za juu za ushujaa. Tarehe 27 Mei 1942, Admirali Chester Nimitz, mkuu wa wanamaji wa bahari yote ya Pasifiki, alimvalisha kifuani kwa mkono wake mwenyewe, kwenye manowari iliyoitwa Enterprise. Doris ndiye mtu mweusi wa kwanza kupata hiyo nishani.

Wacha niungame kitu. Kabla sijaingia kwenye huduma nilifanya kazi katika ofisi moja kwa miaka miwili. Kulikuwa na mama aliyetuletea chai kila siku saa nne. Alijua ni nani anakunywa bila sukari na ni nani ana vidonda vya tumbo. Siku ameondoka, tulichangishwa pesa za kumuaga, na ile kadi ilipofika kwangu nilishika kalamu nikagundua sijui jina lake. Miaka miwili! Nilikuwa namwita mathe, basi. Niliona aibu ambayo haijaisha mpaka leo.

Katika 2 Wafalme 5 kuna msichana mdogo wa Israeli aliyechukuliwa mateka, akawa mjakazi wa mke wa Naamani. Naamani alikuwa jemadari mkubwa, lakini alikuwa na ukoma. Huyo msichana ndiye aliyesema kuna nabii Samaria. Bila yeye, Naamani hangepona. Na Biblia haitupatii jina lake. Mungu analijua, lakini nyumba ile ilikuwa na deni kwa mtoto ambaye pengine hakuna mtu alimuuliza anaitwa nani.

NISHANI KIFUANI, SAHANI MKONONI

Sasa tunafika mahali ambapo ushuhuda wa kawaida ungesema: na kuanzia siku hiyo akawa afisa. Haikuwa hivyo.

Doris alivalishwa nishani, halafu akarudi kuhudumia meza, safari hii kwenye manowari ya Indianapolis. Mashujaa weupe walikuwa wakirudishwa nyumbani kuzunguka mijini na kuhimiza watu kununua bondi za serikali za kugharamia vita. Yule gazeti la Pittsburgh likauliza kwa nini Doris asirudishwe kama wao. Ilichukua miezi. Mwisho wa 1942 na mwanzoni mwa 1943 ndipo alizunguka, akahutubia watu Oakland na Dallas, na akafika kwao Waco. Alitembelea pia kambi ambapo vijana weusi walikuwa wakifundishwa uanamaji. Picha yake iliwekwa kwenye bango la kuhamasisha watu, akiwa na nishani yake kifuani.

Mwezi wa Juni 1943 alipandishwa cheo. Cheo chenyewe kilikuwa mpishi wa meli, daraja la tatu. Yaani alitolewa mezani akaingizwa jikoni. Alipangiwa meli mpya iliyobeba ndege za kivita, Liscome Bay.

Novemba 1943 meli hiyo ilikuwa katika vita vya kukomboa kisiwa cha Makin, katika nchi ambayo leo inaitwa Kiribati. Tarehe 24, kabla ya jua kuchomoza, nyambizi ya Japani iliifyatulia torpedo. Ikagonga karibu na ghala la mabomu ya ndege, na hayo mabomu yakalipuka yote. Meli ilizama kwa dakika 23. Zaidi ya watu 640 walikufa, na 272 wakaokolewa. Doris hakuwa kati ya waliookolewa. Mwili wake haukuonekana tena.

Kesho yake huko Marekani ilikuwa sikukuu ya Shukrani, na familia zilikaa mezani bila kujua. Habari ilifika kwa Connery na Henrietta tarehe 7 Desemba 1943: mtoto wenu hajulikani aliko. Angalieni hiyo tarehe. Ilikuwa miaka miwili kamili tangu ile Jumapili ya Pearl Harbor. Aprili 1944 kulikuwa na ibada ya kumkumbuka katika kanisa la Second Baptist hapo Waco. Serikali yenyewe ilimtangaza rasmi kuwa amekufa Novemba 1944, mwaka mzima baada ya meli kuzama. Wazazi waliowahi kupoteza mtoto bila kuona kaburi wanajua huo mwaka ulikuwa mrefu kiasi gani.

TUPIGE HESABU

Chuoni tulifundishwa swali moja: uliweka nini, na ulipata nini? Nikipiga hesabu ya Doris kwa kipimo hicho, haikubali. Aliweka maisha yake yote, akapata kipande cha chuma kifuani na cheo cha mpishi. Kama uaminifu ni biashara ya kutoa leo ili upandishwe kesho, basi Doris alipata hasara.

Ndiyo sababu naona tunakosea tukiwaambia vijana wetu kwamba wakiwa waaminifu kwa kidogo, lazima bosi ataona. Luka 16:10 inatufundisha kwamba mwaminifu katika dogo ni mwaminifu katika kubwa pia. Inazungumza juu ya mtu alivyo ndani. Haijasema meneja wako ana macho. Doris hakuwa shujaa kwa sababu alipewa bunduki. Ile asubuhi ilimkuta tayari ni mtu wa namna hiyo, anayekimbilia mahali pake pa kazi, na akipakuta pameharibika, anatafuta mahali pengine pa kusaidia.

Lakini pia tusigeuze maisha yake yakawa kisingizio. Kuna watu wangependa kutumia hadithi kama hii kumwambia mfanyakazi anyamaze, avumilie, mshahara wake uko mbinguni. Hapana. Utaratibu uliomfungia Doris jikoni ulikuwa dhambi, na uvumilivu wake haukuufanya uwe mzuri. Watu walipaza sauti, na jina la Doris likawa mojawapo ya majina waliyotumia. Katikati ya 1942 jeshi la wanamaji lilianza kuwapokea weusi katika kazi nyingine. Mnamo 1944 lilipata maofisa wake wa kwanza weusi. Mnamo 1948 Rais Truman aliamuru ubaguzi uondolewe katika majeshi yote. Mnamo 1973 manowari moja ilipewa jina la Miller, na mnamo 2020 ikatangazwa kwamba manowari mpya kabisa, kubwa, ya kubeba ndege, itaitwa Doris Miller. Meli za aina hiyo wamezoea kuzipa majina ya marais. Mengi ya hayo Doris hakuyaona.

Mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye orodha, sasa jina lake litaandikwa ubavuni mwa meli, kwa herufi za kuonekana mbali. Nafurahia hilo. Ila najua kuna wengine wengi waliozama naye Liscome Bay, na hakuna meli ina majina yao. Hao nao Mungu anawajua mmoja mmoja.

YA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, wewe unayefanya kazi ambayo hakuna mtu anaiona: mlinzi wa usiku, dada wa nyumbani, mpishi wa shule, kijana wa kuosha magari. Usijipime kwa cheo. Fungua macho, jifunze hata kile ambacho hujaambiwa ujifunze. Na ukidhulumiwa, sema. Njoo hata kwa ofisi ya kanisa tuzungumze.

Pili, wewe uliyeajiri mtu. Jua jina lake, jina kamili, na ulitumie. Mlipe kwa wakati. Jiulize kama kuna dari umemwekea juu ya kichwa, na kama unaweza kuiondoa.

Tatu, katika ushirika wa nyumbani wiki hii, jadilianeni haya: Je, ningeendelea kuwa mwaminifu kama ningejua sitapandishwa kamwe? Na ni nani ananihudumia kila siku ambaye sijui jina lake?

Tuombe. Baba, asante kwa sababu hauhitaji orodha ya mtu ili utujue. Wape nguvu wanaohudumu bila kuonekana. Wafariji wazazi ambao watoto wao walienda kutafuta na hawakurudi. Na sisi tulio na watu chini yetu, utufungue macho tuwaone. Katika jina la Yesu, amina.

Tuonane Jumapili.